Kilimanjaro kutoka Pemba: winga karudi kwenye machela, mwalimu mwenye kitambi kafika kileleni. Kwa nini?

#1 Mtambwe Original
Assalaam alaykum jamani. Vijana wa Wete tumekaa tukakubaliana pesa ya karafuu ya msimu huu isiishie yote kwenye bodaboda na simu, tunataka kwenda kupanda Mlima Kilimanjaro. Wengine hatujaoa, wengine wameoa na wanataka kupumzika kidogo, sababu zipo.

Sasa kuna jambo linatutia wasiwasi. Binamu yangu mmoja ni winga, anakimbia dakika 90 na akitoka hapo anakwenda kuogelea, alikwenda na kundi la skuli kupitia njia ya Marangu. Kufika Kibo, kwenye vibanda vya mwisho kule mita 5,000, kichwa kikaanza kumgonga, akatapika kila alichokula, usiku wenzake wakiondoka yeye hakuinuka. Asubuhi wakamteremsha kwenye ile machela ya tairi moja. Na kundi hilo hilo alikuwemo mwalimu wetu, mtu mzima, kitambi mbele, akipanda ngazi za ofisini tu anahema. Huyo kafika Uhuru, kileleni kabisa, na cheti kakipachika sebuleni.

Wazee barazani wanasema mlima haumtaki mtu wa chumvi, yaani mtu wa pwani. Wanaojua waseme, kilichomkuta binamu ni nini hasa? Na sie tupite njia gani, mwezi gani, tujiandae vipi wakati huku kwetu hata mlima wa kufanyia mazoezi hakuna?

#2 Ami wa Michenzani
Waalaykum salaam. Yakhe jibu si hilo umelitaja mwenyewe. Masingini ndo juu kabisa kwa Unguja nzima na hapafiki hata mita 150, huko kwenu Pemba ndo chini zaidi. Mtu kazaliwa kala kalala usawa wa bahari umri wake wote halafu unampandisha karibu mita 6,000 ndani ya siku tano, damu yake itayajulia wapi hayo? Mchaga kazaliwa juu, kazoea. Wazee wako sawa, waongeze kahawa.

#3 Mangi wa Amani
Mchaga mwenyewe nimefika, nakaa hapa Amani na mke nimeoa hapa hapa. Ami, kwetu nyumbani ni mita elfu moja na mia kadhaa tu, sio mawinguni. Nina kaka yangu kazaliwa kwenye kihamba, shamba la ukoo, unaona kilele cha Kibo kutoka jikoni, alipanda akaishia Horombo, kituo cha kabla ya Kibo Hut, anatapika kama huyo winga. Halafu kila wiki unawaona Waholanzi, watu ambao nchi yao vipande vizima viko chini ya bahari, wanafika kileleni wanapiga picha na bendera. Chumvi gani tena hiyo?

Na Kibo Hut sio 5,000, ni 4,720.

#4 Daktari Nusu
Mie ni afisa tabibu, jina la Daktari Nusu nimepewa na wifi zangu. Huo unaitwa ugonjwa wa mwinuko na haujali mpira wala kitambi. Mazoezi yanakusaidia miguu na pumzi ya kutembea, hayakukingi na huu. Mwili unataka siku za kuzoea hewa nyepesi, basi. Kanuni wanayoifuata wengi ni kwamba ukishavuka mita 3,000, usiku wa leo usilale juu ya usiku wa jana zaidi ya mita 300 mpaka 500. Sasa itazameni Marangu: Mandara 2,720, Horombo 3,720, Kibo 4,720. Kila kituo ni mita elfu! Ukipanda kwa siku tano bila ya kukaa siku ya ziada Horombo, unauomba mwenyewe.

Mtambwe hebu tuambie, binamu alikuwa anakwenda mwendo gani?

#5 Mtambwe Original
@Daktari Nusu hapo umegusa. Wenzake wanasema alikuwa mbele siku zote, anashindana na wapagazi, Horombo kafika kala kalala kaamka ndo mwalimu anaingia na fimbo yake.

#6 Daktari Nusu
Haya basi. Mwalimu kitambi kimemwokoa, kimemfanya aende polepole.

#7 Ami wa Michenzani
Huo polepole wenu mnauimba tu. Yule mkimbiaji wa milimani Karl Egloff mwaka 2014 kapanda na kushuka Kilimanjaro kwa saa 6 na dakika 42, na huyo hakutapika. Mwendo sio sababu.

#8 Mangi wa Amani
Ami unamlinganisha winga wa Wete na mtu aliyekulia Ecuador kwenye milima, na kabla ya siku ile alishapanda akazoea. Na hapo umejipinga mwenyewe, wewe si ndo umesema wa juu kazoea?

#9 Ami wa Michenzani
Sijajipinga, nimejiongezea.

#10 Bi Karafuu
Wanaume mnabishana mwendo na damu, jambo dogo hamjalitaja. Maji! Mie nilikwenda na kundi la wanawake, tulipita hiyo hiyo Marangu. Kule juu baridi inakukata hamu ya kula, wali unautazama tu, na maji hunywi kwa sababu ukinywa utaamka usiku, na kuamka usiku Kibo ni kuvaa viatu, koti, kofia, taa ya kichwani, kutoka nje upepo unavuma kufuata choo. Sie kina mama ndo kabisa, wenzangu wawili waliacha kunywa maji toka saa kumi jioni ili wasitoke. Hao hao ndo walioumwa kichwa. Waliokunywa lita tatu kwa siku waliamka mara nne na wakafika. Muulizeni huyo kijana wenu alikunywa nini siku ile.

#11 Kojani Baharini
Dada ulifika juu?

#12 Bi Karafuu
Nilifika Gilman's Point alhamdulillah, 5,685, jua linachomoza nyuma ya Mawenzi, kile kilele cha pili. Kiongozi akatazama midomo yangu akasema mama tunageuza.

#13 Ami wa Michenzani
Gilman's ni mdomoni mwa kreta, kilele ni Uhuru 5,895. Kwa hiyo hukufika dada yangu, ulichungulia.

#14 Bi Karafuu
Nilichungulia na cheti nimepewa. Wewe Michenzani ghorofa ya ngapi lifti mbovu unapumzika mara ngapi?

#15 Mangi wa Amani
Hahaha Ami kalale. Na mjue kutoka Kibo mpaka Gilman's ndo kazi yenyewe, changarawe tupu, unapiga hatua moja unateleza nusu. Ndo maana wanaondoa watu saa sita usiku, changarawe inakuwa imeganda inashika kidogo. Kutoka Gilman's kwenda Uhuru unapita Stella Point 5,756, mwinuko sio mkali lakini mtu hapo keshakwisha.

#16 Mzamiaji wa Nungwi
Salamu wote. Kuna kitu watu wanakisema kila siku, eti juu oksijeni imepungua. Asilimia ni ile ile, 21 hapa Nungwi na 21 kule Uhuru. Kilichopungua ni mgandamizo wa hewa, kule kileleni umebaki kama nusu ya huku, kwa hiyo kila pumzi unayovuta inaingia hewa nusu. Sie kazini kwetu tunaujua mgandamizo kwa upande wa pili.

Na hili msilichukulie mchezo: kama kuna mtu kwenye kundi anazamia na mitungi, asitoke majini leo kesho akapanda ndege au akaanza mlima. Aache angalau saa 18, mie nawaambia wageni wangu siku nzima na zaidi. Wapo wanaotaka kumaliza Zanzibar kwa kuzamia asubuhi halafu jioni waruke kwa ndege kwenda KIA, uwanja wa Kilimanjaro, tunawakatalia na wanakasirika.

#17 Kojani Baharini
Sie wa Kojani tunazamia bila mitungi, inatuhusu?

#18 Mzamiaji wa Nungwi
Kwa mlima haikuhusu sana. Lakini kifua mlicho nacho nyie mie ningeweka dau mnafika.

#19 Daktari Nusu
Usiweke dau, kubana pumzi na kuzoea mwinuko ni mambo mbali mbali. Nimeshawaona wavuvi wenye vifua hivyo wamelala hoi Lushoto, sijui walikula nini.

#20 Mwalimu wa Jiografia
Nafuatilia uzi huu toka asubuhi, naongeza machache.

Habari ya mtu wa chumvi kutouweza mlima haina mashiko. Msafara wa Mjerumani Hans Meyer wa 1889, huo uliofikisha watu Kibo kwa mara ya kwanza kwenye kumbukumbu, ulikusanya watu hapa hapa Unguja kabla ya kwenda bara. Aliyefika kileleni na yeye ni Ludwig Purtscheller, lakini aliyebaki nao kambi ya juu kabisa akiwalindia vitu na kupika, wakati wengine wameteremka kwa baridi, ni Mwinyi Amani, mtu wa Pangani. Pangani! Mnazi na chumvi vile vile.

Kuhusu njia. Marangu ndo pekee yenye vibanda vya kulala, nyengine zote mahema. Ndo maana ina sifa ya kuwa rahisi, ukweli ni kwamba inapanda moja kwa moja kama alivyosema Daktari. Machame inapanda na kushuka: unalala Shira kama 3,800, kesho yake unapelekwa mpaka Lava Tower 4,600 unakula chakula cha mchana huku kichwa kinauma, halafu unateremshwa kulala Barranco chini ya 4,000. Mwili umeonja juu umelala chini. Usiku unaofuata Karanga karibu 4,000, halafu Barafu 4,673, ndo kilele. Kushuka, wa Machame wanashukia Mweka. Lemosho inatokea magharibi, ndefu zaidi, nzuri zaidi kwa kuzoea na pesa pia zaidi. Rongai ni upande wa Kenya, kukavu. Umbwe msiiguse, inapanda kama ngazi.

#21 Ami wa Michenzani
Mwalimu huyo Mwinyi Amani hakufika kileleni, kabaki kambini. Kama Bi Karafuu. Hoja yangu iko pale pale.

#22 Bi Karafuu
Huyu mtu hana kazi.

#23 Mtambwe Original
Ahsante Mwalimu. Kwani hatuwezi kwenda wenyewe na hema letu? Tuko kundi, chakula tunapika, kijana mmoja kafanya JKU anajua mambo ya porini.

#24 Mangi wa Amani
Haiwezekani. Kupanda ni lazima uwe na kiongozi mwenye leseni, mnapitia kampuni, getini mnaandikishwa majina. Chukueni kampuni ya Moshi yenyewe, ulizeni wanalipa wapagazi kiasi gani na mzigo wao, kisheria mpagazi hapaswi kubeba zaidi ya kilo 20 na mizani ipo getini. Kampuni ikikwambia bei ya ajabu kwa udogo, mjue anayelipia ni mpagazi, analala bila blanketi. Na siku za ziada msizikate. Watu wa nyumbani tunapenda siku tano kwa sababu ya bei, mgeni analipa dola 70 kwa siku hapo bado kulala, sie tunalipa kwa shilingi na ni kidogo sana, kwa hiyo siku moja kuongeza haikuuwi. Bebeni kitambulisho cha taifa ili muhesabiwe wananchi bila maneno.

#25 Kojani Baharini
Usafiri sasa. Msiende mkazunguka Dar. Kutoka Pemba kuna boti ya Tanga, ikiwepo siku hiyo mnaamkia Tanga, basi la Moshi linapita Segera, Korogwe, Mombo, Same, mchana mko Himo. Kama mnapita Marangu shukeni hapo hapo Himo, gari za Marangu Mtoni zimejaa. Mkienda Dar mmeongeza bahari mara mbili na usiku kucha.

#26 Ami wa Michenzani
Boti ya Tanga haiendi kila siku, na kusi likivuma hapo mkondo wa Pemba mtatapika kabla ya mlima. Nendeni Unguja, Dar, pandeni basi la alfajiri, starehe.

#27 Kojani Baharini
Mpemba atapike mkondo wa Pemba? Sema wewe wa Michenzani.

#28 Mzamiaji wa Nungwi
Kutapika baharini kweli sio mzaha, nina wafanyakazi wenzangu wa miaka chungu nzima kusi likivuma wanakumbatia ndoo. Mtu akifika Moshi hajala siku mbili ndo anaanza na nakisi. Labda ndo yaliyomkuta winga.

#29 Mtambwe Original
Eee, hilo nitamuuliza. Alipita Tanga kweli.

#30 Mwalimu wa Jiografia
Mwezi: masika, yaani Machi mwishoni mpaka Mei, achaneni nayo. Novemba mvua za vuli. Iliyobaki ni Juni mpaka Oktoba, na Januari Februari. Lakini miaka hii Ramadhani inaingia Februari na Machi, kwa hiyo kwa nyie naona Julai au baada yake. Julai na Agosti baridi zaidi, mbingu safi. Na tazameni kalenda ya mwezi, usiku wa kileleni ukiangukia mwezi mpevu mnaona njia yote mpaka kivuli chenu.

#31 Bi Karafuu
Julai karafuu ndo zinaanza kuiva, hawa vijana pesa watapata wapi. Septemba au mapema Oktoba.

#32 Mtambwe Original
Dada umejuaje 😂 tunangojea pesa ya kwanza tu.

#33 Binti Mkoani
Nami nimo kwenye mpango huu, wasiseme "vijana" tu. Vibanda vya Marangu kulala kunakuwaje kwa mwanamke? Na ibada?

#34 Bi Karafuu
Karibu mwanangu. Mandara na Horombo ni vyumba vya vitanda vichache, mkiwa wanawake watatu wanne mnaomba mnapewa wenu. Kibo ndo vyumba vikubwa mmechanganyika, lakini hapo hakuna anayelala wala anayevua kitu, mnaingia jioni mnaamshwa saa tano usiku, kila mtu kajifunga mpaka macho. Mahema ya Machame ni bora kwa hilo, watu wawili wawili, zipu unafunga. Mtandio wa kawaida upepo unaupeperusha, tafuta wa kitambaa cha kunyumbuka uvae chini ya kofia.

Udhu: maji ya Horombo asubuhi yana barafu juu yake. Sie tulimuomba mpishi atubakishie maji ya moto kikombe kimoja kimoja, na kule Kibo, ambako maji yenyewe yanabebwa na wapagazi kutoka chini, tukatayamamu. Kibla ni kaskazini, upande wa Rongai na Kenya. Nyama mwambieni kiongozi mapema, Moshi kuna mabucha ya Waislamu tele.

#35 Ami wa Michenzani
Mahram yuko wapi?

#36 Binti Mkoani
Kaka yangu ndo huyo mwenye uzi, Ami. Unataka na namba yake ya NIDA?

#37 Mangi wa Amani
Vifaa. Msinunue majaketi Darajani kwa bei ya kitalii, nendeni Moshi siku moja kabla, soko la mitumba la Memorial mnapata jaketi la manyoya na suruali za baridi, na maduka ya kukodisha yapo mji mzima. Viatu tu ndo msikodi. Nunueni mapema mvivae huko huko Wete mpaka vikubali mguu, kwenye tope za Mtambwe na kwenye lami. Kushuka ndo kunang'oa kucha, sio kupanda, kwa hiyo kateni kucha fupi na kiatu kiache nafasi ya kidole mbele. Usiku wa kileleni ni digrii 10 chini ya sifuri na kwenda chini zaidi upepo ukivuma. Chupa ya maji igeuzeni kichwa chini ndani ya begi, maji yanaganda kuanzia juu, ukiigeuza mdomo unabaki haujaziba. Ule mpira wa kunyonyea maji mgongoni unaganda mapema sana, msiutegemee. Betri za taa na simu mlale nazo ndani ya mfuko wa kulalia. Simu zinakufa kwa baridi, sio kwa chaji. Horombo mtandao upo, TTCL walipeleka intaneti mlimani 2022, mtapiga simu nyumbani.

#38 Kojani Baharini
Chakula cha njiani bebeni halua ya Wete. Samli, sukari na wanga, haigandi, nini tena.

#39 Mangi wa Amani
Itaganda. Chokoleti kule inakuwa jiwe unaivunja kwa meno ya nyuma, halua itakuwaje?

#40 Kojani Baharini
Halua iweke kwapani.

#41 Daktari Nusu
Kwapani kwa nani? Jamani.

Turudi. Vidonge. Kuna dawa inaitwa Diamox, wengi wanaanza siku moja kabla ya kupanda. Inausaidia mwili uvute pumzi zaidi ukizoea haraka. Inakojoza sana na inatia ganzi kwenye vidole, na mwenye mzio wa dawa za salfa amuone daktari kwanza. Sio ruhusa ya kukimbia. Dawa ya kweli ni moja, kuteremka. Kichwa kuuma na kichefuchefu unapumzika hapo ulipo mpaka kiishe, hupandi. Lakini mtu akianza kuyumba kama mlevi, au kuongea ovyo, au kukohoa kikohozi chenye maji na anahema akiwa amekaa, huyo ateremshwe saa ile ile hata ni usiku, maji yanaingia mapafuni au ubongo unavimba. Hapo watu wanakufa.

#42 Ami wa Michenzani
Mie babu yangu alikuwa anasema tangawizi na vitunguu thomu.

#43 Daktari Nusu
Vitafune ukiwa unateremka.

#44 Mzee Fumba
Nyie vijana mnanitamanisha. Mie na umri huu na goti hili kuna namna ya kuuona tu bila kufika huko mnakotapikia?

#45 Mwalimu wa Jiografia
Ipo, shikamoo mzee. Unakwenda geti la Marangu asubuhi, unatembea ndani ya msitu mpaka Mandara, ukiwa na nguvu unaongeza kidogo mpaka Maundi, kreta ndogo juu ya hapo, mawingu yakifunguka unaiona Kibo na Mawenzi na upande mwengine Kenya. Jioni umerudi. Msituni utawaona mbega, mkia mweupe mrefu unaning'inia.

#46 Mzee Fumba
Marahaba. Mbega anamshinda kima punju wetu wa Jozani?

#47 Bi Karafuu
Hamshindi. Kima punju ana nywele zimesimama, huyo mbega kavaa kanzu tu.

#48 Mzee Fumba
Na ile theluji naskia inakwisha, nitaikuta?

#49 Mwalimu wa Jiografia
Wahi mzee. Toka ilipopimwa 1912 mpaka 2007 karibu asilimia 85 ya eneo la barafu imeondoka. UNESCO mwaka 2022 walisema inaweza kumalizika kabla ya 2050. Ni dunia kupata joto.

#50 Mangi wa Amani
Kwetu wazee wanasema ni msitu kukatwa, msitu ndo unaoleta mawingu.

#51 Mzamiaji wa Nungwi
Mie niliwahi kumpeleka baharini mtafiti wa mambo haya, akasema juu kule hata mchana joto halipandi juu ya sifuri mara nyingi, barafu inapotea kwa kukauka, hewa imekuwa kavu theluji mpya hainyeshi, jua linailamba moja kwa moja inakuwa mvuke bila kuwa maji. Na hewa ilianza kukauka toka mwisho wa karne ya 19. Na bahari yetu hii Hindi anasema ina mkono wake, mvua inatokea huku.

#52 Mwalimu wa Jiografia
Na bahari imepata joto kwa sababu gani? Tumerudi kule kule.

#53 Mzamiaji wa Nungwi
Yeye alisema sio moja kwa moja. Sibishani na mwalimu.

#54 Winga Halisi
Nimeletewa uzi huu na watu saba tofauti. Kwanza sikushindana na wapagazi, mguu wangu ni mrefu. Maji nilikunywa. Boti sikutapika, mie mtoto wa Wete. Mafua ndo nilikuwa nayo, nilitoka nayo nyumbani, yakaingia kifuani toka Mandara, nikamwambia kiongozi akasema utapona juu. Na mwalimu mnayemsifu hamjui kitu: alikuwa na vidonge mfukoni anameza asubuhi na jioni anasema vya presha. Nilimuona anakojoa kila baada ya dakika kumi njia nzima.

#55 Daktari Nusu
Eh! Vidole alikuwa anasugua?

#56 Winga Halisi
Anasugua siku nzima! Akasema ni baridi.

#57 Daktari Nusu
Basi wenye uzi mmepata. Ingawa dawa za presha nyingine nazo zinakojoza, sikati shauri.

#58 Ami wa Michenzani
Kwa hiyo kashinda kwa dawa. Chumvi iko pale pale.

#59 Mangi wa Amani
Mie nasema mafua. Kupanda na kifua kibovu ni kujitafutia, na huyo kiongozi hakufanya kazi yake.

#60 Bi Karafuu
Winga mwanangu, ulikunywa lita ngapi?

#61 Winga Halisi
Nilikunywa shangazi.

#62 Bi Karafuu
Nimeuliza ngapi.

#63 Mtambwe Original
Binamu kazima data. Ahsanteni nyote, tumeamua Machame siku saba, Septemba inshaallah, nauli ya kwenda kupitia Tanga. Winga anasema anakuja tena, sharti lake mwalimu asiwepo.

#64 Binti Mkoani
Mwalimu keshalipa kianzio jana.

#65 Kojani Baharini
Boti ya Tanga Septemba ulizeni siku gani kabla hamjakata tiketi ya basi. Na nani anabeba halua?